Kimya cha Meneja Mpya

Jumatatu jioni. Shiru mwanangu, nanyi marafiki,

Leo nimewasimamisha watu kumi na wawili, wamefumba macho, mpaka chai ikapoa.

Mnajua tangu Baba Shiru afariki, mimi ndiye meneja wa kiwanda chetu kidogo cha maziwa hapa Tetu. Leo nilikuwa na mkutano wangu wa kwanza, na niliogopa wafanyakazi hawatanikubali.

Kwenye semina ya uongozi tulifundishwa kwamba kiongozi mzuri hunyamaza, awaache wengine waanze.

Basi nikasimama. Nao wakasimama.

Nikanyamaza. Wakainamisha vichwa.

Nikadhani wananiogopa, nikazidi kunyamaza, kwa upole kabisa.

Mwishowe Mzee Gitonga, dereva wetu, akafumbua jicho moja.

"Mama Shiru, bado unaomba, ama tukae?"

Jamani! Nilisahau kila mkutano wetu huanza kwa maombi ya meneja.

"Amina," nikasema.

"Hata marehemu hakuwa anaomba kwa muda mrefu hivi," akasema Gitonga. "Na huyo tulikuwa tunamwogopa!"

Tulicheka mpaka nikalia kidogo. Kisha wakaongea wote, hata mambo ambayo hawakuwahi kumwambia Baba Shiru.

Chekeni tu. Kesho niko na mkutano mwingine.

Mkiomba, mnikumbuke. Maombi mafupi yanatosha.