Chuma cha Chila

Mama wa mume wangu sote tukimwita Bi Mkubwa, na chuma kilikuwa chake. Marehemu mumewe alikuwa kuli bandarini Wete. Tishali moja bovu la kupakulia mizigo ya meli lilipovunjwa alipewa kipande cha bamba lake, akakileta Gando kwa gari la ng'ombe. Kilikuwa bapa na kizito, kipana kama mlango wa banda la mbuzi. Mwaka mzima kilisimama nyuma ya jiko kimeegemea ukuta. Kilitoka mara mbili tu, Idi ndogo na Idi kubwa, na kukinyanyua kulitaka wanawake wanne.

Tulikilaza uani juu ya mawe manne, tukajaza makumbi ya nazi chini yake. Moto ukishatulia, Bi Mkubwa alikaa kwenye kigoda na upawa mkononi, akamimina chila, ile mikate myembamba ya unga wa mchele na tui yenye vitundu kama sega la nyuki. Juu ya chuma kile ziliiva kumi kwa mpigo. Majirani walikuja na mabakuli yao ya unga uliokwishaumuka, kila mmoja akapikiwa zake, na watoto wakazunguka uani wakisubiri ile ya kwanza, ambayo siku zote ilitoka mbaya na kwa hiyo ilikuwa yao.

Unga mzuri kuliko wote ulikuwa wa shangazi yangu, dada wa baba. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa mjane, na yeye ndiye aliyenileta Gando kutoka kwetu Kiuyu nikaolewa na mtoto wa shoga yake. Maana yeye na Bi Mkubwa walikuwa mashoga tangu ujana wao. Walichuma karafuu pamoja, wakazaa mwaka mmoja, wakafiwa na waume katika miaka iliyokaribiana. Nilipokuwa mwali walikaa wote wawili mlangoni pangu, na sikujua yupi anayeninasihi zaidi.

Kisha ikaja siasa. Aliyekuwa Pemba wakati ule hahitaji kuelezwa, na asiyekuwepo ni shida kumweleza. Watu wa mtaa mmoja waliacha kusalimiana. Duka la huyu halikununuliwa na wale, kisima cha wale hakikutekwa na hawa. Waume waliwaacha wake zao kwa ajili ya kadi. Likafika hata la kutozikana, maiti ikalala ndani huku watu wanaulizana alikuwa wa chama gani. Mume wangu na mdogo wake walikuwa chama kimoja. Shangazi alikata kadi ya chama cha pili, si kwa kuelewa mengi, ila mwanawe wa pekee, aliyehamia Kengeja, alikuwa humo.

Nyumbani kwetu halikusemwa neno wazi. Shangazi alipungua tu kuja. Bi Mkubwa alipotaka kumwona alichukua ungo, akasema anakwenda kuazima kitu.

Idi ndogo ya mwaka huo majirani hawakuja. Chuma tulikiburuta mimi, mume wangu na Bi Mkubwa mwenyewe, tukakiweka juu ya mawe baada ya sala ya alfajiri. Mume wangu akaoga, akavaa, akatangulia msikitini kwenye takbira. Shemeji yangu alibaki, amekaa kwenye kibaraza cha jiko na kanzu yake mpya, anangoja chai. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mcheshi zamani, lakini tangu aingie kwenye mikutano alikuwa amekauka.

Tulikuwa tumeshapika chila za kwanza shangazi alipoingia kwa mlango wa uani. Alibeba bakuli lake kubwa, amelifunika kawa.

"Assalamu alaykum. Idi Mubarak."

Tukaitika, mimi na Bi Mkubwa. Shemeji hakuitika.

"Bakuli hilo lirudi lilikotoka," alisema.

Shangazi alisimama. "Baba, mie nimekuja kwa mamako. Sikuja kwako."

"Hapa si kwenu tena. Nenda kapikiwe na wenzio."

Nilimtazama Bi Mkubwa. Alikuwa ameinamia chuma, anazibandua chila moja moja, na nilidhani atanyamaza kama alivyokuwa akinyamaza miezi ile yote. Alizimaliza zote, akaziweka kwenye sinia, akasogeza kigoda chake kidogo kupisha nafasi.

"Mimina, shoga yangu," alisema. "Moto unapotea bure."

Shangazi alichutama upande wa pili, akafunua bakuli. Alikuwa ameshamimina mbili, na mimi nimeshika kitambaa cha mafuta, shemeji aliporuka kutoka kibarazani akalipiga teke jiwe la pembeni. Sidhani alikusudia lililotokea. Nadhani alitaka chila zile mbili zimwagike, basi. Lakini jiwe lilitoka, na chuma kikaserereka chote upande wa mama yake. Kilimwangukia miguuni, kuanzia magoti hadi nyayo, na yeye amekaa, hana pa kukimbilia.

Sauti aliyoitoa siwezi kuieleza. Mimi niliganda na kitambaa changu. Shemeji aliganda pia. Shangazi ndiye aliyekuja mbio, akakishika chuma kile kwa mikono mitupu, akakinyanyua ukingo mmoja mpaka Bi Mkubwa akajikokota akatoka. Mpaka leo sijui mwanamke mmoja alikiwezaje. Alipokiachia, ngozi ya viganja vyake ilibaki kwenye chuma.

"Leta maji!" alinipigia kelele. "We mtoto, leta maji!"

Hapo ndipo nilipopata miguu. Niliporudi na mtungi shemeji alikuwa hayupo. Tulimlaza Bi Mkubwa mkekani, shangazi akanielekeza kuvunja mayai nimpake ute, kwa kuwa yeye mikono yake haikushika kitu tena. Kisha watu wakaanza kuingia, wakimtazama yeye kwa macho ambayo sikuyapenda. Alivuta kanga yake kwa viwiko, akaondoka. Bakuli lake lilibaki uani, kuku wakaula unga wake.

Mchana mume wangu alirudi na watu wanne. Nikamsikia shemeji barazani akieleza: bibi yule alikuja kwa shari, akakivuta chuma, na ushahidi ni viganja vyake, vimeungua. Mtu haungui viganja ila ameshika.

Nilikwenda chumbani. Bi Mkubwa alikuwa macho, midomo imemkauka.

"Umesikia wanavyosema?" nilimuuliza.

"Nimesikia."

"Niwaambie?"

Alinishika mkono. "Ni mwanangu, mwanangu. Watamfanyaje wakijua? Wewe sema ajali. Mie nitasema ajali. Yataisha."

Nikamwahidi, naye alisema hivyo kweli. Kila aliyemuuliza alimjibu chuma kiliteleza. Lakini watu walimwona ni mgonjwa mwenye huruma anayemficha shoga yake, na kadiri alivyosema ajali ndivyo walivyozidi kuamini maneno ya shemeji.

Vidonda havikupona. Tulipaka asali, tukapaka mafuta ya nazi, tukamwita mganga. Mguu wa kushoto ulianza kunuka siku ya tisa. Alipopelekwa hospitali homa ilikuwa imeshampanda kichwani. Njiani, juu ya gari, kichwa chake kikiwa mapajani pangu, alimwita shangazi kwa jina lake la utotoni, lile ambalo wao wawili tu walilitumia. Alimwuliza kama hamira imeshika. Alifariki hospitalini siku ya pili yake, adhuhuri.

Siku ya maziko shangazi alikuja. Alisimama njiani chini ya mkarafuu, amevaa buibui, mikono imefungwa vitambaa. Hakuna aliyemkaribisha. Wanaume walipotoka na jeneza shemeji alikuwa mbele kabisa, analia kama mtoto, na mtu mmoja akaokota donge la udongo akamtupia shangazi. Lilimpiga begani. Hakuondoka hadi jeneza lilipopotea.

Baada ya hitima, wazee watatu wa chama walikuja kwetu. Waliniita barazani, nikakaa nyuma ya pazia la mlango. Mume wangu alikuwapo, na shemeji.

"Binti, wewe ulikuwepo," alisema mkubwa wao. "Tuambie ulichokiona, kwa haki ya Mungu."

Bi Mkubwa alikuwa ameshakufa. Ahadi niliyompa ilikuwa ya kusema ajali, na kama ningesema hilo tu, pengine leo ningelala vizuri. Lakini nilikuwa na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Nilikuwa mtu wa Kiuyu ndani ya nyumba ya watu wa Gando, na damu yangu na ya shangazi ni moja. Nilikuwa nimewaona wanawake wawili mtaani walioachwa kwa jambo dogo kuliko hilo.

"Sikuona," nilisema. "Nilikuwa ndani nachukua ufuta wa kunyunyizia chila."

Mzee yule alishusha pumzi. Akasema, "Basi aliyekuwepo ni mmoja," na akamgeukia shemeji.

Wiki ile ile shangazi alikatazwa kisima. Muuza duka wa upande wake mwenyewe naye akaogopa kumuuzia. Siku ya kumi mwanawe alikuja kumchukua kwa gari la abiria, na mimi nilichungulia dirishani nikamwona akipandishwa, maana hakuweza kushika ubao wa gari. Nyumba yake ilivuja mvua moja, mvua ya pili ikalala.

Nilikwenda Kengeja baada ya mwaka na zaidi. Nilimwambia mume wangu nakwenda kumzuru mgonjwa wa kwetu, na haikuwa uongo. Nilimkuta shangazi ameketi kwenye migomba ya mwanawe, mbele yake kapu la muhogo ambao mkwewe alikuwa akiumenya. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja ndani, havifunguki.

Nilianza kulia kabla ya kusalimia. Nilimwambia nilivyowajibu wazee.

"Najua," alisema. "Habari hutembea."

"Nisamehe, shangazi."

Mkwewe akainuka, akaenda na kapu lake.

"Nilikulea mimi," alisema shangazi. "Babako alipokuwa hana kitu, ulikula kwangu. Sasa unataka nikwambie nimekusamehe, upande gari urudi umepumzika." Kisha sauti yake ikashuka. "Shoga yangu aliniulizia?"

Nikamwambia yale ya njiani. Nikalitaja lile jina. Aliziba uso kwa mikono ile iliyokunjika na mabega yakamtikisika, na sikuthubutu kumgusa. Gari lilipopiga honi alisema niende, nisije nikachelewa. Hilo la msamaha hakulisema. Alifariki msimu wa karafuu uliofuata, na habari ilinifikia ameshazikwa siku tano.

Siku niliyoipata habari hiyo nilimfuata mume wangu shambani. Alikuwa anakusanya makonyo, vile vijiti vya karafuu. Nilimwambia yote, wima, bila kupumzika: teke, jiwe, viganja, ufuta ambao sikwenda kuuchukua. Nilikuwa tayari kwa talaka. Nguo zangu nilikuwa nimeshazifunga.

Hakuacha kukusanya.

"Najua," alisema. "Mdogo wangu aliniambia mwenyewe, jioni ile ile ya Idi."

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Akaniuliza na mimi je. Mtoto akalia kwenye kivuli nilipomlaza, nikaenda kumbeba. Niliishi naye miaka mingine thelathini na moja, tukazaa tena watoto watano, na jambo hilo hatukulizungumza mara ya pili.