Pua Iliyomponza Silasi

TABORA. Saa moja na nusu asubuhi, misumari ya sanduku jipya la chai imeshang'olewa. Wenceslaus Lugembe anavua kofia, anainama, anaingiza uso wote ndani ya sanduku hadi masikio, kisha anafumba macho. Bwana Mansukh, mwenye duka, anaweka kalamu chini. Hata mteja aliyekuja kununua sabuni anasubiri, utadhani sanduku ni lake.

Lugembe anainua kichwa. Nyusi zake zimejaa vumbi la chai. "Hii iende," anasema, na kazi ya kuchanganya inaanza.

Hakuna hata mmoja dukani anayejua kwamba hajasikia harufu yoyote.

Lugembe ana miaka arobaini na minne. Tangu mwaka 1938 anachanganya chai katika duka hili: ya majani, yenye harufu nzuri na rangi hafifu, pamoja na ya vumbi, yenye rangi kali, kwa vipimo anavyovijua yeye peke yake. Mshahara wake ni shilingi tisini kwa mwezi, na unalisha watu sita nyumbani kwake, mtaa wa Ng'ambo. Mjini wanamwita Bwana Pua. Kwa miaka mingi jina hilo lilimpendeza sana.

Sifa hiyo aliipata Usambara. Alikwenda huko na kundi la manamba akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, akidhani anakwenda kukata mkonge. Badala yake alipandishwa milimani kwenye ukungu, akavishwa kikapu mgongoni na kufundishwa kuchuma majani mawili na chipukizi lake, basi. Mwaka wa tatu akahamishiwa kiwandani. Chai ikishanyauka na kusokotwa, huachwa mpaka harufu ya majani mabichi igeuke kuwa ya tunda lililoiva, na wakati huo ukipita, mzigo wote umeharibika. Wenzake walitazama saa. Lugembe alinusa, na hakukosea.

Kila mwaka watu humwuliza kwa nini asipande chai hapa Tabora akatajirika. Yeye hucheka tu. "Mchai unataka mvua kila mwezi, kama mtoto anavyotaka kunyonya," anasema. "Hapa kuanzia Mei mpaka Oktoba utaunyonyesha nini?"

Kuhusu raha za chai anaweza kusema mpaka umwombe apumzike. Kwanza chai inanuswa, anasema, mdomo unafuata baadaye. Watu wa hapa wanaipenda nzito, na sukari ikiadimika wanatia asali inayotoka upande wa Usinge. Wazee wanaorudi kutoka sala ya asubuhi wanasema inawafungua kifua, na wauguzi wa misheni humpa mgonjwa anayepata nafuu, na tangawizi ndani yake. Lugembe hakubali yote hayo. "Chai haiponyi homa," anasema. "Inampa mtu sababu ya kukaa kitako. Akishakaa kitako, mwili unajitafutia wenyewe."

Hiyo ndiyo habari aliyokuja kuiandika mwandishi wa gazeti hili, chai na raha zake, na ingetosha kabisa. Lakini siku ya pili, nyumbani kwake Ng'ambo, Lugembe alifunga mlango wa uani, akaketi, akaeleza yaliyobaki.

Mwezi wa Machi mafua makali yalimlaza siku tisa. Mafua yaliondoka, pua haikurudi. Wa kwanza kugundua alikuwa mkewe, Apolinaria. Alitoka kisimani akakuta chungu cha maharage kimeungua mpaka chini, na mumewe yuko hatua tatu kutoka hapo, amegeuza mgongo, anaziba pancha ya baiskeli huku akipiga mluzi.

Tangu siku hiyo Apolinaria ndiye pua. Sanduku likifika jioni, Lugembe hufungua pembe moja, huchota chai kidogo, huifunga katika kipande cha gazeti na kuipeleka nyumbani. Mkewe hunusa na kumwambia kwa maneno ya jikoni: hii ni gunia lililonyeshewa, hii ni mahindi mabichi. Mume huyageuza maneno hayo kuwa vipimo. Hata sanduku lililofunguliwa mbele ya mwandishi lilikuwa limekwisha kunuswa Ng'ambo siku iliyotangulia. Miezi mitano imepita hivyo na hakuna aliyeshtuka.

Jumatatu ya wiki iliyotangulia mazungumzo haya sanduku lilifika asubuhi badala ya jioni. Duka lilikuwa limejaa watu, na Bwana Mansukh akataka lifunguliwe papo hapo. Lugembe aliinama. Rangi ilikuwa nzuri, majani yalikuwa makavu. Akasema iende.

Chai ile ilikuwa na harufu ya dagaa. Katikati ya bizari, sabuni na mafuta ya taa ya dukani hakuna aliyeisikia, lakini ilipokutana na maji ya moto majumbani ilijitokeza yote. Siku ya Alhamisi pakiti zilianza kurudishwa. Mama mmoja aliuliza, bila hata kutabasamu, kama mchuzi huo unaliwa na ugali au na wali.

Bwana Mansukh alinusa pakiti moja, akamgeukia Silasi, mtunza stoo. Ndani ya stoo kulikuwa na magunia mawili ya dagaa wa Kigoma. Silasi aliapa kwamba magunia yalikaa chumba cha pili, na kwamba sanduku lilikuja hivyo hivyo. Mwenye duka hakufoka. Alimjibu kwa upole kwamba kama sanduku lingekuja na harufu, Wenceslaus angesema siku ile ile, kwani pua hiyo haijakosea miaka kumi na sita. Basi harufu imeingilia stoo, na stoo ni ya Silasi. Akamwambia aende nyumbani, arudi Jumamosi ya wiki iliyofuata kujua kama bado ana kazi.

Lugembe alikuwa amesimama pale pale, na kijiko cha kupimia mkononi. Akainama, akaendelea kupima.

Jumapili Silasi alikuja Ng'ambo, akaamkia, akakataa kukaa. "Dagaa niliwaweka mbali, kaka," alisema. "Lakini pua yako haikosei, kwa hiyo labda ni mimi, labda nimesahau. Nakuomba umwambie tu kwamba siku ile ulikuwa na mafua."

Lugembe alimjibu kwamba ataangalia.

"Kijana wa watu alinipa uongo wa kusema," anasema sasa, "na uongo wenyewe ni kweli. Hata huo nikashindwa."

Hofu yake haina siri. Mchanganya chai asiye na pua ni nani? Hajui kazi nyingine, na umri wa kurudi kuvishwa kikapu mgongoni umepita. Anawaza kumwomba Bwana Mansukh amruhusu Apolinaria aje kunusa dukani, waziwazi, na yeye abaki na vipimo. Halafu anaona jinsi mji mzima utakavyocheka, na anaacha kuwaza.

Apolinaria alisikiliza maelezo yote akichambua mchele, na aliongeza neno moja tu. "Baba Getruda, mimi nilikuazima pua ya chai," alisema. "Sikukuazima ya kumfukuzisha mtu kazi."

Lugembe aliuliza gazeti hufika Tabora siku gani. Aliambiwa linachapwa Jumanne, linafika kwa treni siku ya Ijumaa. Akasema Bwana Mansukh hulisoma mwenyewe, kwa sauti, neno kwa neno, na wateja wakisikia.

Mwandishi alimwuliza kama angependa jina lake lifichwe.

"Andika lote," alisema. "Na la Silasi, na kwamba hana kosa. Jumamosi nitakwenda dukani kabla yake, nimwambie Bwana Mansukh kwa mdomo wangu. Ulimi ukinishinda, Ijumaa inayofuata atasoma." Alimsindikiza mwandishi mpaka barabarani, akamshika mkono, hakuuachia. "Najijua mimi. Kesho au keshokutwa nitakuandikia barua, nikikuomba usichapishe. Ukiipata, usiifungue."

Barua yenye mhuri wa posta ya Tabora ilifika ofisini Jumatatu. Huenda anaomba habari hii isitoke. Huenda anaeleza kwamba Jumamosi alikwenda dukani na akasema. Haikufunguliwa.