Noti za Milango ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa seremala kwa miaka thelathini na minne, na kitabu alichoandika ni kimoja tu: nadharia ya muziki wa milango. Kurasa sitini na mbili, nimezipiga chapa mwenyewe. Alidai kila mlango una noti yake ya muziki, iwe do, re, mi au fa, na kwamba nyumba ambayo mlango wake wa jikoni unalia fa na wa chumbani unalia mi haikaliki, watu watagombana tu. Sura ya tano ina sentensi moja: "Mlango usiofunguliwa na mtu hauna noti." Aliiandika mwaka aliofiwa na mkewe.

Nakala moja tuliiweka kwenye maktaba ninakofanya kazi. Kila Jumatatu alikuja kutazama karatasi ya mihuri ya waazimaji nyuma ya jalada. Miaka mitatu, tupu.

"Lakini mimi nimekisoma, mjomba."

"Wewe ulipiga chapa tu, mwanangu. Usinidanganye."

Alikuwa amenipata.

Jumatatu moja akaniita kwa sauti isiyoruhusiwa humu ndani. "We mtoto! Njoo uone!"

Ukurasa wa arobaini, pale alipoandika kwamba mlango wa maktaba yetu unalia mi, mtu alikuwa ameongeza kwa penseli: *Unalia fa. Hukusikiliza vizuri.*

"Amenibishia!" Mjomba alicheka mpaka machozi. "Yaani alikaa, akausikiliza!"

Akachomoa mfukoni kichuma chake cha panda mbili, cha kupimia noti, akaenda mlangoni mbio, na magoti yake yale mabovu. Akaufungua. Kimya. Akaufunga, akaufungua tena.

"Nani kaupaka mafuta?"

"Mimi, mzee," mlinzi alijibu, akingoja kushukuriwa. "Tangu Ijumaa. Ulikuwa unatutoboa masikio."

"Umenimaliza, bwana."

Alirudi mezani, akaazima penseli yangu, akaandika chini ya yale maneno: *Huenda. Mlango wa kwangu haujapakwa mafuta. Njoo tubishane.* Akaongeza jina la mtaa na namba ya nyumba.

Hakuna aliyejibu. Siku hizi nimekisoma kitabu kweli, mara mbili, na nimemwambia. Tatizo langu ni kwamba sioni pa kumbishia.

Jumapili nikienda kwake, nasukuma mlango, nao unalia wee. Namkuta ameshainuka nusu kitini, kichuma mkononi, kiti cha pili kimevutwa karibu na mlango.

"Aa," anasema, akikaa tena. "Ni wewe. Karibu, mwanangu."