Aliomba Nimwache Alale

Kaka yangu Raymundi alikuwa mrina asali katika pori la nyuma ya Usoke, na sijaona mtu aliyeujua mwili wake kama yeye. Alipanda mti na kamba moja tu, akakaa kwenye tawi, akanyoosha mgongo na kukaza tumbo, kisha akauvuta mzinga wa gogo hadi juu bila kuguna. Wenzake walivuta kwa mikono, jioni wakawa wanalalamika viuno. Yeye alisema mikono ni ya kushika tu, kazi inafanywa na tumbo. Tulimcheka. Mkewe Apolinaria alimcheka kuliko sote, maana tumbo lenyewe halikuwepo, mtu mwembamba kama ufito.

Alianguka mwaka juzi, mwezi wa sita, saa nne asubuhi. Tawi la mninga lilikatika. Mimi nilikuwa chini nawasha moshi wa kufukuza nyuki. Nilimkuta amelala chali, ana akili zake timamu, anasema mgongo unamuuma sana. Nikamuuliza kuhusu miguu. Akachezesha vidole vya miguu yote miwili. Niliviona kwa macho yangu, maana alikuwa peku.

"Mathias, niache kwanza nilale," aliniambia.

Sikumwacha. Kwetu mtu akianguka halazwi. Ananyanyuliwa, anakalishwa, ikiwezekana anatembezwa kidogo ili damu isigande. Ndivyo tulivyolelewa. Nikamwita Gerson, jirani yetu tuliyekuja naye porini, tukamshika kaka makwapani tukamkalisha. Alipiga ukelele ambao mpaka leo sipendi kuukumbuka. Tukampakia mshikaki kwenye pikipiki yangu, mimi mbele, yeye katikati, Gerson nyuma kamkumbatia, tukashika njia ya mizizi na mashimo kuelekea barabarani. Nilijiona shujaa. Tulipofika nusu ya njia, kaka akasema taratibu kwamba haisikii tena miguu yake. Nikaongeza mwendo, mpumbavu mimi.

Alitibiwa miezi mingi, akapasuliwa, akatoka na kiti cha magurudumu. Niliwahamishia kwangu Kitete, yeye na mkewe na binti yao Levina. Mimi ndiye ninayemgeuza kitandani asipate vidonda, na mimi ndiye ninayembeba kumpeleka chooni. Apolinaria hajui lolote kuhusu vile vidole. Katika kila rozari ananiombea, eti shemeji yake alikimbia na mgonjwa kama upepo. Kila nikisikia jina langu katika sala hiyo natamani ardhi inimeze.

Alhamisi iliyopita tulimpeleka kwa Zablon, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ni mtu mcheshi, anapenda kueleza. Alimwambia Apolinaria apitishe kidole kwenye mgongo wa mumewe, ahesabu pingili moja moja mpaka afike penye kovu. Akaeleza kwamba mishipa ya fahamu inayotoka chini ya hapo ndiyo iliyokatika, lakini ile ya misuli ya tumbo inatoka juu yake, kwa hiyo tumbo limesalimika. Msuli wa mbele unashuka kutoka mbavuni hadi kinenani, nao ndio utakaomkunja. Misuli ya ubavuni itamgeuza huku na huku. Ule wa ndani kabisa unamzunguka kiunoni kama kanga iliyofungwa, na huo ndio utakaomshikilia asidondoke.

"Kaza tumbo, mzee. Achia mikono," akasema.

Raymundi akaachia. Tumbo likawa linamtetemeka, jasho likamtoka, lakini akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, kaka yangu alikaa mwenyewe ukingoni mwa kitanda, mikono hewani, na Apolinaria akaanza kulia kwa furaha.

Zablon naye furaha ikamfungua mdomo. Akasema wengi hawaharibiwi na kuanguka. Pingili inavunjika, lakini uti wa mishipa ya fahamu ulio ndani yake bado mzima. Halafu wanakuja watu wenye huruma, wanamkunja, wanamkalisha, wanamrusha kwenye pikipiki, na kile kipande cha mfupa kinamaliza kazi. Mtu kama huyo alazwe juu ya mlango au ubao, abebwe amenyooka, hata kama ni kutwa nzima. Wapo waliopona hivyo wakatembea.

Apolinaria aliacha kulia. Alimtazama mumewe, kisha akanitazama mimi, kisha akamtazama tena mumewe.

"Baba Levina, ulipokuwa pale chini, kabla hawajakunyanyua, miguu ilikuwa inacheza?"

Raymundi alikuwa bado amekaa, mikono hewani. Alinitazama. Nilitaka kusema mimi, Mungu anajua nilitaka, lakini ulimi haukunyanyuka.

"Hapana," alisema. "Ilikuwa imeshakufa."

Papo hapo nguvu zikamwisha akaanza kuinamia upande. Nikamdaka, nikamkumbatia, na moyo wake ulikuwa unapiga mbio kifuani mwangu. Apolinaria alishusha pumzi, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Akaniomba msamaha kwa kile kilichompitia moyoni, kisha akanishukuru tena, mbele ya Zablon, kwa kumwokolea mume.

Nikaitikia.