Mji Usio na Kilio cha Mtoto

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhariri wa Vipindi alinikabidhi beseni la maji, gunia la mchanga na viatu vya kisigino. "Vitendea kazi vyako hivi, binti." Nilidhani ananitania. Kumbe ndiyo kazi ya milio: kutengeneza kwa mikono kila sauti ya mchezo wa redio isiyotoka vinywani mwa waigizaji. Niliifanya hapa Kigoma mpaka nikastaafu, na nyie wa kompyuta msinicheke.

Miaka ile kambi zilikuwa zimejaa ndugu zetu wa Burundi. Tukarusha mchezo wa mfululizo kuhusu mji wa miaka ijayo, chini ya ziwa. Hakuna njaa, hakuna vita, mashine zinasonga ugali. Mhariri akatuonya: "Msimwage sumu yote siku ya kwanza. Msikilizaji aupende mji, atamani kuhamia, ndipo mumwonyeshe nyufa, mmoja mmoja." Ufa wa kwanza ukawa wangu: sikuweka kilio cha mtoto hata kimoja. Baada ya vipindi kadhaa wachuuzi wa soko la Mwanga wakaanza kunisimamisha, "Dada, huko chini hawazai?" Weee, nilifurahi!

Mama wa kwenye mchezo aliigizwa na Odeta, mkimbizi aliyepotezana na binti yake wakivuka mpaka. Tangazo la kumtafuta lilisomwa redioni, hakuna aliyejitokeza. Ndiyo maana aliomba kuigiza. "Majina yanafanana," alisema, "lakini sauti yangu mwanangu ataijua."

Mkuu wa Kituo akaharibu tangu mazoezini. "Mji wa miaka ijayo hauna lafudhi ya Kirundi. Anyooshe Kiswahili, la sivyo tutafute mwingine." Hakuwa mtu mbaya, aliogopa malalamiko ya wakubwa. Odeta akanyoosha, maskini, akawa anaongea kama msomaji wa taarifa ya habari. Vipindi vikapita, binti hakutokea. Iliniuma sana.

Ukafika ufa mkubwa: mama yule anagundua kwamba kila anayehamia mjini husahaulishwa watu aliowaacha. Siku zile tuliigiza moja kwa moja hewani. Odeta alitakiwa kusema tu, "Nilikuwa na mtoto." Akaweka karatasi chini.

"Mwana wanje! Yuko wapi mwana wanje? Mbona hamniulizi?"

Mtoto wangu, kwa Kirundi chao, kwa lafudhi yake yote, huku analia. Fundi mitambo akamgeukia Mkuu, mkono uko kwenye swichi. Mkuu alikuwa anajifuta macho.

"Mwache," akasema. "Mwache aseme."

Kesho yake msichana mmoja akafika getini, ananukia dagaa wa ufukweni Kibirizi. "Shikamoo dada. Huyo wa kwenye mchezo nimemsikiliza tangu mwanzo. Nikawa najiambia, sauti kama ya mama, ila huyu ananyoosha Kiswahili kama asiye na shida yoyote, si wangu. Jana alipolia nikamjua."

Nikamwita Odeta. Walivyoonana, jamani, kilio kilichopigwa pale uani! Mhariri akanishika mkono, "Kimbia, lete mashine, turekodi!"

Miaka yote ya kazi sikuwahi kumkatalia bosi. Siku ile nilikataa, nikafunga mlango wa studio, nikaenda kulia nao.