Mwaisha anajifunza kujisifu kwa Kiingereza

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, juu kidogo ya Bigwa, kwenye mteremko wa milima ya Uluguru, mwanamke mwenye kanga kiunoni na mabuti ya mvua miguuni anausalimia mti kwa Kiingereza.

"Good morning. My name is Mwaisha. I am the best in this work."

Mti kimya. Mwaisha Kobelo anapapasa gome lake, anasogea kwenye mti wa pili na kuanza upya. Salamu inatoka vizuri, jina linatoka vizuri. Akifika kwenye sentensi ya tatu, ile ya kusema kwamba yeye ndiye bora katika kazi hii, sauti inashuka mpaka mwandishi analazimika kumsogelea ili amsikie.

"Mti haucheki," anaeleza, huku akijifunga kanga vizuri. "Watu wanacheka. Ningeanza na watu ningeacha siku ileile."

Mwaisha ana miaka 47 na ni kibarua katika mradi wa utafiti wa misitu ya Uluguru. Hupanda mlima na watafiti, akawaonyesha mti upi ni upi, akachuma tawi lenye ua au tunda na kulibana katikati ya magazeti ili likauke bila kujikunja. Hulipwa shilingi elfu kumi na tano kwa siku, kwa siku ambazo kazi ipo. Masika, njia zikigeuka utelezi, kazi husimama na yeye hurudi kwenye shamba lake la magimbi.

Tarehe 14 mwezi ujao ataingia kwenye chumba cha usaili. Nafasi ni moja: msaidizi wa utafiti, mshahara wa kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, pamoja na bima ya afya ambayo magoti yake yanaihitaji kuliko yeye mwenyewe. Baada ya hapo mradi hautaajiri tena kwa miaka mitano. Usaili ni kwa Kiingereza. Na hii ni mara yake ya pili, kwa sababu ya kwanza aliikosa.

Sasa, usikimbilie kudhani aliikosa kwa kutojua Kiingereza. Mwandishi naye alidhani hivyo, akaja Bigwa na makala yake nusu imeshaandikwa kichwani. Ilibidi aifute.

Lakini Kiingereza nacho kina kisa chake. Mwaisha aliishia darasa la saba. Alipokuwa na miaka 22 alibeba mizigo ya Mzungu mmoja mrefu, mkimya, aliyekuja kukusanya mimea. Mzungu huyo hakuwa na maneno mengi. Akipewa jani hutaja jina lake, basi, anageukia jani jingine. Mwaisha alikuwa akilirudia jina hilo njia nzima mpaka wanashuka mlima.

"Mkenge akauita Albizia gummifera. Mkani akauita Allanblackia ulugurensis. Nikashika yote," anasema, na majina hayo yanamtoka mbio kama mtu anayeita wanawe waje kula. "Nikajua tayari, Kiingereza nimekimaliza."

Aliamini hivyo kwa miaka kumi na moja. Akikutana na watalii njiani aliwaonyesha mti na kuutaja, nao wakamkodolea macho, akawahurumia kwa kutoijua lugha yao. Binti yake, Yasmin, alipoanza kidato cha kwanza, Mwaisha alilikagua daftari lake la Kiingereza ukurasa kwa ukurasa, kisha akafunga safari hadi shuleni kumwona mwalimu.

Mwalimu huyo, Severin, sasa amestaafu na anafuga kuku Kihonda. Anaikumbuka siku hiyo na bado inamchekesha.

"Alinisalimia kwa heshima zote, akakaa, akaniambia, 'Mwalimu, usinielewe vibaya, lakini Kiingereza chako hakina hata mti mmoja.' Nikamwambia anitajie miti anayoisema. Mama akafululiza kama dakika tatu! Nikamwambia, mama yangu, hicho ni Kilatini. Duniani leo hakuna mtu anayekitumia kuombea chumvi."

"Niliona haya, usiombe," Mwaisha anasema. "Kumbe nimejifunza lugha ya marehemu, nikawaacha walio hai."

Kwa hiyo alianza Kiingereza cha walio hai akiwa mtu mzima, na kwa shida. Alijaribu redio, ikamshinda kwa kasi. Alijaribu vitabu vya Yasmin, vikamsimulia habari za theluji. Kilichomsaidia ni kuja kwa Jesca.

Jesca ana miaka 27. Wazazi wake walihamia mkoani hapa kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, naye akasoma misitu mpaka chuo kikuu. Miaka miwili iliyopita aliletwa mradini kwa mafunzo ya vitendo, akakabidhiwa kwa Mwaisha.

"Nilitoka chuo nikiijua miti ya kwenye picha," Jesca anakiri. "Huku juu hakuna picha. Majani yako mbali huko mawinguni, wewe chini unaliona gome tu. Mama akaniambia funga macho. Nusa. Kwaruza kwa kucha. Ukiona utomvu, sema rangi yake. Siku ya kwanza nilikosea miti kumi na minne kati ya kumi na mitano."

"Huo mmoja alibahatisha," Mwaisha anadakia.

Wakakubaliana: mti mmoja, sentensi moja. Mwaisha akimfundisha Jesca kuutambua mti kwa gome lake, Jesca naye anamfundisha sentensi moja ya Kiingereza. Mchana wakikaa kula magimbi ya kuchemsha wanapimana. Miezi minane ilipopita, Mwaisha alikuwa anaweza kuomba maji, kueleza njia, kuuliza mgeni kama amechoka na kumwambia asikanyage siafu.

Ndipo ikatangazwa ile nafasi ya kwanza. Wote wawili wakaomba.

Mwaisha alifika kwenye usaili na gauni la Idi, na hakufika peke yake. Alifuatana na mjomba wake, mzee Salum, mwenye kofia safi na fimbo. Mapokezi wakamuuliza mzee anaomba kazi gani. Mzee akajibu kwamba haombi kazi, amekuja kumsemea mwanawe.

Ukimuuliza Mwaisha kwa nini alimleta mjomba, anakushangaa wewe. "Kwetu mtu hajiposi mwenyewe. Kama ni posa, anatumwa mshenga, anasema sifa zako, wewe umetulia. Nikaona kazi ni jambo kubwa kuliko hata posa. Nani aende kuomba kazi mdomo mtupu, bila mkubwa wake?"

Mzee Salum aliachwa kwenye benchi la nje, hotuba yake ikiwa mdomoni. "Nilikuwa nimejipanga," anasema kwa uchungu ambao bado haujampoa. "Ningeanzia kwa bibi yake."

Ndani kulikuwa na watu watatu mezani. Wawili ni Waswahili wa kuzaliwa, mmoja ni mgeni asiyejua Kiswahili, na kwa ajili ya huyo mmoja wote wakawa Waingereza kwa dakika ishirini. Mwaisha alitaja jina lake, umri na anakotoka. Aliwaelewa. Anaapa aliwaelewa, na Dokta Filomena, msimamizi wa mradi aliyekuwa mmoja wa wale watatu, anakubali.

"Kiingereza chake kilitosha kabisa," anasema Dokta Filomena. "Hapo ndipo penye kichekesho, au msiba, sijui. Tulimuuliza ni kitu gani anakifanya vizuri kuliko wenzake. Akajibu, 'Mimi nabeba mkoba.' Tukamuuliza kama anaijua miti. 'Kidogo.' Tukamuuliza katika kikosi chenu nani anaijua miti zaidi. Akasema, 'Jesca, maana yeye amesoma chuo kikuu.'"

Alisema yote hayo kwa Kiingereza safi, bila kukwama hata mara moja.

Mwandishi alimuuliza Dokta Filomena kama yeye binafsi hakuujua ukweli. Alivua miwani, akaiweka mezani.

"Nilijua. Mimi mwenyewe nikikwama na tawi namwita yeye. Lakini fomu ina mahali pa kuandika alichosema aliyeulizwa. Haina mahali pa kuandika ninachokijua mimi. Na yule mgeni alimsikia kwa masikio yake akisema hajui kitu."

Kazi akapewa Jesca.

Naye Jesca hajifichi. "Niliulizwa naweza kutambua aina ngapi. Nikasema mia mbili. Sikudanganya, naweza. Ila hawakuniuliza nimejifunzia kwa nani, na mimi sikusema. Baba ameshastaafu, wadogo zangu watatu wananitazama mimi. Nilikaa kimya, kaka. Hilo jambo linaniuma mpaka leo."

Mwaisha alilia siku mbili. Hataki liandikwe kwa mafumbo. "Nililia, na Jesca nilimnunia wiki nzima. Akinisalimia shikamoo, naitikia marahaba ya kukata. Halafu tukapangwa pamoja njia ya juu. Utamnunia mtu mlimani? Akiteleza, nani atamshika?"

Huko juu, Jesca alimwuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza: mama, kwa nini ulisema hujui?

"Nikamwambia, mwanangu, nilikuwa mbele ya watu wazima. Nivimbe kichwa pale, niseme miye ndiye miye? Wangeniona sina malezi. Mtu mwenye adabu akisifiwa anakataa, wenzake ndio wanasema hapana, huyu anajua. Basi nikakataa, nikasubiri waseme. Hawakusema! Wakafunga daftari, wakaniambia thank you."

Mwaisha anacheka hapo, na mwandishi anacheka, ingawa si kicheko cha raha. Wangapi wamerudishwa nyumbani namna hiyo, na watu wakasema ni Kiingereza kilichowaangusha?

Mafunzo yamebadilika tangu siku ile. Jesca hafundishi tena sentensi za njia na siafu. Anafundisha kujisifu, na mwanafunzi ni mgumu. Mara ya kwanza alipoambiwa aseme "I am an expert", yaani mimi ni mtaalamu, Mwaisha aliangalia nyuma kuona kama kuna mtu anapita.

"Kujisifu kwa Kiswahili tu siwezi," analalamika. "Kwa Kiingereza ndiyo nitaweza?"

Jibu la Jesca ni kwamba kwa Kiingereza ndiyo rahisi, kwa sababu marehemu bibi yake Mwaisha, aliyemfunza adabu hizo, hakukijua, hivyo hatamsikia. Mwaisha alilifikiria hilo kwa siku nzima. Limemsaidia kidogo, anasema, lakini si sana, maana marehemu huenda wanajua lugha zote.

Upinzani mkubwa uko nyumbani. Mzee Salum haafiki mpango huu hata chembe. Siku mwandishi alipofika kwake, alikuwa ameketi barazani akichambua maharage, na baada ya salamu akatoa hukumu yake. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayejitangaza ana kasoro anaficha."

"Mjomba," Mwaisha akamjibu taratibu, macho chini, "hiki chema kimekaa miaka ishirini na mitano. Hakijauzwa."

Mzee aliendelea na maharage yake.

Nafasi hii ya pili ni kwa upande wa kusini wa mlima, ambako mradi unafungua kituo kipya. Meza itakuwa ileile na fomu ileile. Dokta Filomena anasema hawezi kumpendelea mtu, lakini alimwita Mwaisha ofisini akamwambia neno moja. "Nilimwambia, mama, siku hiyo adabu yako yote iache nje ya mlango. Ukitoka utaikuta."

Jesca naye ameandika barua kwa mradi, kurasa mbili, akieleza ni nani aliyemfundisha hizo aina mia mbili. Hajui kama itamdhuru yeye. Aliituma kabla hajapata muda wa kuogopa, na Mwaisha aliisikia habari hiyo kwa Dokta Filomena, si kwa Jesca mwenyewe.

Jua limeshapanda sasa na ukungu umeanza kuachia. Mwaisha anapanga magazeti yake kwenye mbao mbili, anazikaza kwa mikanda. Mwandishi anamuuliza, akipata kazi hii atafanya nini kwanza. Anataja magoti. Anataja kumalizia chumba cha nyuma ili Yasmin akija na wanawe wasilale sebuleni. Anataja pia kwamba angependa vibarua wapya wafundishwe kunusa kabla ya kufundishwa kuandika.

Na siku yenyewe, akishakaa mbele ya wale watatu, atawaambia nini?

Mwaisha anaweka mbao chini. Anatazama kulia, kushoto. Njia haina mtu, ni Jesca tu aliyesimama pembeni, naye amejifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Nitawaambia," anaanza, kisha anakohoa. "Nitawaambia, mimi ni Mwaisha Kobelo. Msitu huu naujua. Aina zaidi ya mia tatu naitaja kwa kushika gome tu, gizani hata nikifungwa macho. Waliosoma nimewafundisha mimi. Mlima huu mzima, hakuna anayenishinda."

Jesca ameacha kamba ya kiatu.

Mwaisha anavuta upindo wa kanga na kujifunika uso mzima, mabega yakimtikisika kwa kicheko, au kitu kinachofanana na kicheko.

"Astaghfirullah," anasema akiwa mlemle ndani ya kanga. "Andika, baba. Andika upesi kabla sijakana."