Mbegu Hailali Nyumba Moja

Kwetu Pemba mbegu ya mpunga hailali nyumba moja. Kila baada ya mavuno mama alijaza kifuko akakipeleka kwa mtu wa mbali, ili msiba wa nyumba yake usiwe msiba wa bonde zima. Mwaka ule mtu wa mbali nilikuwa mimi, mfanyabiashara wa viatu, nimepanga chumba Sanyuanli, ng'ambo kwa Wachina.

Mbegu ile alikuja nayo bibi yake mama, ameifunga pembeni mwa kaniki, alipoletwa kutoka Nyasa kuuzwa. Bwana aliyemnunua aliijua karafuu, bonde hakulijua. Bibi ndiye aliyejua wakati wa kuziba maji na wakati wa kuyafungua, na bwana ndiye aliyesifiwa mjini kwa mchele mzuri. Mcheza kwao hutunzwa, na bibi hakuwa kwao. Baadaye serikali ya Kiingereza ikaleta mbegu zake, watu wakaambiwa waache zile za zamani. Za serikali zililala chini mvua ya kwanza. Ya bibi ikasimama. Hakuna aliyemshukuru, na mpaka leo jambo hilo linanichoma.

Mama aliniagiza niitundike juu ya jiko, kama ilivyotundikwa siku zote. Nikaitundika. Mwenzangu wa chumba, mama mmoja wa Lubumbashi, akacheka. "Dada, ile iko dawa ya kuita clients?"

Kisha mvua za El Nino zikaangusha banda la mama, mbegu na kila kitu. Alinipigia kutoka dukani kwa jirani: masika yamekaribia, nimpe kifuko yeyote anayerudi.

Nilipokishusha kilikuwa kizito. Mpunga umeshikana, umeota ukungu. Nikafunga konzi moja katika kitambaa kibichi, ndivyo tunavyoijaribu mbegu, nikangoja. Haikuchipua hata punje.

Nilimpigia nikiwa nalia. Akauliza, "Jiko lako latoa moshi?"

"La gesi, mama."

Kumbe kilichoilinda miaka yote ni moshi wa kuni. Juu ya jiko langu ilipata mvuke wa masufuria tu. Hakuna aliyewahi kuniambia, maana kwetu hatukuwahi kuona jiko lisilo na moshi.

"Bibi aliifikisha naye ni mali ya mtu," mama alisema polepole. "Sie huru..."

Hakumaliza. Akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia wali.